Wanne kwenye Fomu, Saba Safarini

Kila jioni, lango la nyumba yao pale Timbwani, Likoni, liliposikika likifunguliwa, Nadira alitoka mbio na birika la maji. Baba yake, Bwana Mansur, aliketi barazani akavua viatu, akanawa miguu huku akisimulia ya kazini. Alifanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni, na kwa miaka kumi na saba alikuwa akitandika vitanda vya watu waliokuja kupumzika. Yeye mwenyewe hakuwahi kupumzika popote. Likizo zake zote zilimkuta hapo hapo Likoni, akizibua mabomba na kupaka ukuta chokaa.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Mvua za Aprili zilipokaribia, wageni wakapungua, na Bwana Mansur akapewa likizo ya wiki moja wakati shule zimefungwa.

"Tutasafiri," akatangaza. "Sote."

Bibi yake Nadira, Bi Mwanasaumu, aliacha kuchambua mchicha. "Basi nipeleke kwenye baridi, mwanangu. Tangu nizaliwe najua joto tu. Nataka nijifunike blanketi mchana kweupe, nitetemeke kidogo."

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Bwana Mansur. "Nitakupeleka Wundanyi, mama, kwenye milima ya Taita. Inshallah utatetemeka."

Kazi ya kutafuta mahali pa kufikia akapewa Nadira. Alikuwa Gredi ya Sita, na katika nyumba ile hakuna aliyeijua simu kumshinda. Kwa siku tatu hakuibandua mkononi. Aliuliza nauli, aliuliza mvua, aliuliza kama kuna jiko, maana mama yake, Bi Jalila, alishasema kwamba wakila mkahawani pesa zitaisha kabla ya siku kuisha. Mwishowe akaipata nyumba ya mama mmoja wa huko aliyeitwa Mama Mghoi. Ilikuwa na jiko, bustani na mlima mbele ya dirisha. Chumba cha watu wanne kiliingia katika kiasi alichotenga baba. Nyumba nzima ilikizidi kiasi hicho.

Fomu ikauliza: wageni wangapi?

"Bibi," Nadira akasema, "nataka kuandika tuko wangapi. Baba, mama, wewe, mimi, Jafar, halafu wale pacha, hiyo ni..."

"Ishia hapo hapo!" Bi Mwanasaumu alirusha mkono juu. "Watoto hawahesabiwi, weye! Wataka kuwaitia kijicho? Mola apishe mbali!"

Nadira aliijua desturi hiyo. Hata wakivuka feri, mama yake hakuwahesabu watoto. Aliwaita kwa majina mmoja mmoja, na kila mmoja akaitika. Lakini siku ile desturi ilimpa wazo baya. Kama watoto hawahesabiwi, akajiambia, basi na mimi siwahesabu. Akawaacha Jafar wa miaka minane na pacha Hassan na Mwidani wa miaka minne. Akaandika: wanne. Alijua fika kwamba Bibi hakumtuma kusema uongo. Akabonyeza hivyo hivyo.

Bwana Mansur alipoiona bei, alifurahi kupita kiasi. "Sote saba kwa bei hii? Wallahi binti yangu ana akili!" Papo hapo akatuma arubuni.

Kesho yake ujumbe wa Mama Mghoi ukaingia: *Karibuni sana. Wageni wanne, vitanda vinne, blanketi nne. Huku ni baridi kali na za ziada sina.*

Nadira akaufuta upesi. Ukafutika kwenye simu, rohoni ukabaki.

Tangu hapo hakutulia. Aliketi, akainuka. Alienda dukani akasahau alichotumwa. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka Jafar akamuuliza, "Dada Nadira, una upupu?"

"Niondokee!"

"Basi keti!"

Lakini kuketi ndiko kulikomshinda. Kila alipofumba macho aliwaona pacha wakilia kwa baridi mlangoni pa watu.

Jumatano baba alirudi na kisa. "Leo kuna familia imefika," alisema akinawa miguu. "Wameandika watatu, wamekuja sita. Wamesimamishwa pale mapokezi tangu adhuhuri hadi alasiri. Mtoto wao mmoja kalala juu ya begi. Yule baba hakujua aufiche wapi uso wake. Niliwaonea imani, lakini ningefanyaje? Vitanda havizaani."

Birika likamponyoka Nadira, maji yakamwagika.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, baba," akasema, akakimbilia ndani.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Bi Mwanasaumu alimwita chumbani. Alikuwa ametoka sokoni Kongowea na furushi la sweta za mitumba, na sasa alizipanga kitandani, uso wake uking'aa.

"Hii ya Mansur. Hii ya Jalila. Hii yako, ina vifungo vizuri. Hii ya Jafar. Hizi ndogo, moja ya Hassan, moja ya Mwidani. Na hii ya bibi yao." Akaivaa palepale, jasho likimtiririka. "Nimependeza?"

Nadira aliziangalia zile sweta mbili ndogo, zisizotosha hata kumfunika paka. Maji yalishamfika shingoni. Akalia kwa sauti.

"Bibi, niliandika wanne! Jafar na pacha hawana vitanda. Hawana blanketi!"

Mama na baba waliingia mbio. Nadira akasema yote, na alipofika pale alipojiambia kwamba watoto hawahesabiwi, Bi Mwanasaumu alivua sweta kwa hasira.

"Ala! Uongo wako waubandika mgongoni pangu mimi? Nimekukataza kuhesabu. Nimekukataza kutaja? Feri twavuka vipi, si kwa majina? Ungeyaandika majina yao ukamwachia mwenye nyumba hesabu zake!"

Bwana Mansur aliketi ukingoni mwa kitanda, akakunja sweta moja ndogo, akaikunjua, akaikunja tena. Nadira alitamani agombezwe.

"Likizo yangu ya kwanza," baba akasema hatimaye, "na wewe ungenisimamisha mlangoni kama yule baba wa Jumatano." Akamnyooshea simu. "Mpigie Mama Mghoi. Mwambie kwa kinywa chako."

Nadira akabonyeza namba. Simu ikaita mara mbili.

"Shikamoo, Mama Mghoi. Ni Nadira wa Likoni. Nilikudanganya."

Alimweleza. Upande wa pili pakasikika pumzi ndefu.

"Sasa mtoto wangu, vyumba vingine vyote nimeshawapa watu hadi Jumatatu asubuhi. Mngekuja kesho hivyo, ningewalaza wapi?"

Nadira alifumba macho. Basi, imekwisha, akawaza. Bibi hataiona baridi.

"Lakini ngoja kidogo," Mama Mghoi akaendelea. "Katikati ya wiki mimi huwa sina wageni. Mkija Jumatatu mpaka Alhamisi, nitawapa nyumba nzima kwa hicho hicho mlichotaka kulipa. Na blanketi nitaazima kwa jirani. Ila mtapoteza usiku mmoja. Mlitaka kulala mara nne, sasa mtalala tatu."

"Ahsante, mama! Ahsante sana!"

"Na ungeniuliza tangu mwanzo, ningekwambia hayo hayo. Bei hupanda mwisho wa wiki, hushuka katikati. Kuuliza hakulipiwi."

Nadira alihisi uso ukimwaka moto. Uongo wote ule, na kumbe swali moja tu lingetosha!

Tiketi za basi zilikuwa za Jumamosi, kwa hiyo ilibidi zibadilishwe kabla ofisi haijafungwa. Alasiri ile Nadira na baba yake walivuka feri kwenda mjini. Nadira hakuweza kusimama mahali pamoja. Alisogea mbele, akarudi, akachungulia saa ya baba yake, akasogea tena. Kule Mwembe Tayari karani wa basi aliwaambia wangechelewa nusu saa tu wangekuta dirisha limefungwa. Akawagongea mhuri wa Jumatatu.

Wakirudi, Nadira alisema, "Baba, nimekuibia siku moja."

"Umeniibia," baba akajibu. Lakini wakishuka kutoka kwenye feri alimshika mkono.

Jumatatu jioni walifika Wundanyi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na Mama Mghoi, mwanamke mrefu mwenye kilemba cha sufu, alikuwa mlangoni na simu mkononi. Hakuhesabu mtu. Alisoma ujumbe alioandikiwa na Nadira, jina moja moja.

"Mwanasaumu! Mansur! Jalila! Nadira! Jafar! Hassan! Mwidani!"

Kila aliyeitika alipewa blanketi yake. Pacha waliburuta zao chini kama mikia, wakicheka. Ndani, Bwana Mansur aliona pembe ya shuka haijakaa sawa. Mkono wake ukaenda wenyewe, akaanza kuinyoosha.

"Wee, baba!" Mama Mghoi akamkemea. "Acha shuka langu! Leo wewe ni mgeni."

Bwana Mansur akaketi, mikono juu ya magoti, asijue aifanye nini. Kisha akamwita binti yake.

"Abee, baba."

"Nimetandika vitanda vingi maishani mwangu, Nadira, na kila kitanda nilikitandika kwa sababu kuna mtu aliandika jina. Ukimwacha ndugu yako nje ya fomu ili bei ishuke, hujapunguza gharama. Umemlipisha yeye, kwa baridi na kwa aibu. Kama kitu kimetushinda bei, sema kimetushinda. Tutauliza, tutangoja, tutabadilisha siku. Lakini hatumwachi mtu nje. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba. Sitarudia."

"Haya. Nenda kamwangalie bibi yako."

Bi Mwanasaumu alikuwa kibarazani, sweta mwilini na blanketi juu yake. Alipumua kwa nguvu, na moshi mweupe ukamtoka kinywani. Akashtuka, akapumua tena kuhakikisha.

"Nadira! Njoo uone! Natetemeka, wallahi natetemeka!"

Nadira akaingia chini ya blanketi ile, akaketi kando ya bibi yake. Kwa mara ya kwanza tangu aandike lile neno *wanne*, hakutaka kuinuka.