Mvua ya Mwalimu Zuber

Haya nilisimuliwa na Mwanahalima mwaka juzi, tukimenya maharage kibarazani kwake. Yeye alikaa benchi moja na Kuruthumu kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, mwaka wa sabini na nne. Hakuhadithiwa, aliona.

Kuruthumu alikuwa binti wa Mzee Husseni, dobi wa mtaa wa Bulyaga, Tukuyu. Siku ya soko, Tukuyu imejaa watu, alikuwa anapita katikati ya mikungu ya ndizi, bunda la nguo kichwani, kanga nyekundu mwilini. Mbele yake mwanamume mwenye suruali nyeupe akateleza, akakaa kwenye tope, pwaa!

Soko zima likacheka.

"Suruali nyeupe Tukuyu, kaka? Nani kakudanganya?"

"Kwetu Kondoa hakuna tope," akajibu, bado kaketi palepale.

"Basi karibu. Mimi ndiye dobi. Hiyo utaniletea mwenyewe."

Akaileta. Keshokutwa akaleta shati. Wiki iliyofuata akaleta shati safi, mama yake Kuruthumu, Mwanabibi, akalinusa na kuguna, "Huyu mwalimu mpya anachafuka upesi." Jioni Kuruthumu akawa anakwenda kwa huyo Mwalimu Zuber kujifunza kusoma. Alijifunza haraka kuliko wote, maana mwalimu aliishika mikono ya wengine mara moja, na wa kwake mara kumi. Masika ilipokolea wakawa wamekubaliana: Ijumaa posa inaletwa.

Jumatatu Zuber akabandika shairi kwenye gazeti la ukutani pale sokoni, ili wanafunzi wake wapate cha kusoma:

*Kuruthumu, ndiwe mvua, kila siku nakutaja,*
*Nikitazama angani, ni wewe ninakungoja.*

Mvua! Wiki ya nne hiyo jua halijaonekana. Nguo za watu zilikuwa zimeanikwa jikoni juu ya moto, zinanuka moshi, wenyewe wanakuja kufoka mlangoni. Na yeye, binti wa dobi, ndiye anaitwa mvua!

Watu wakajaa ukutani kumfafanulia.

"Mvua ni mwanamke wa kulialia," alisema Ambindwile, muuza ndizi. "Ukishamuoa hakauki."

"Hapana," akasema Ezron, balozi wa nyumba kumi. "Mvua hapo ni kilimo. Mwalimu anahimiza watu walime."

"Mimi nasoma hivi: amemchoka," mwanamke mmoja akasema. "Nani anapenda mvua?"

Kuruthumu akapasua kundi mpaka kwa Zuber.

"Mwalimu, mimi nimekukosea nini?"

"Kuru, mpenzi, nimekusifu!"

"Umenisifu? Ungeniita tope basi, ukamaliza! Posa yako peleka kwa atakayekuwa jua."

"Ngoja nikueleze..."

"Wamekwisha kunieleza, soko zima!"

Akaondoka. Siku mbili hakwenda darasani. Zuber alipita dirishani kwao mara tatu. Mara ya tatu alimwagiwa maji ya sabuni.

Alhamisi Kuruthumu akaamua kumrudishia nguo zake zilizobaki, bila kufua, bila kukunja. Lakini mkono wa dobi una mazoea yake: ukaingia mfukoni. Ukatoka na barua.

Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma polepole, silabi kwa silabi.

*Mwanangu Zuber, huu mwaka wa pili mvua haijanyesha. Ng'ombe wamebaki wawili. Asubuhi baba yako hutoka kutazama mbingu kabla hajasalimia mtu. Siku ikinyesha nitakuandikia kabla sijala.*

Alisoma mara mbili. Hasira haikumtoka, ilihama tu. Akatoka hivyo hivyo, bila mwavuli, mpaka shuleni. Zuber alikuwa anafuta ubao.

"Kwa nini hukuniambia kwenu kuna njaa?"

"Umesoma barua yangu!"

"Ulinifundisha kusoma wewe. Ulitaka niishie kwenye mabango?"

Zuber akaweka kifutio chini. "Sasa na mimi niulize. Ulimsikiliza Ambindwile, ukamsikiliza Ezron. Mimi niliyeandika mbona hukuniuliza? Kwetu mtoto akizaliwa siku ya mvua, watu wanalia kwa furaha. Sina neno kubwa kuliko hilo, Kuru. Sina."

Maji yalikuwa yanamchuruzika Kuruthumu usoni. "Na mimi ni dobi," akasema. "Hukufikiri hata kidogo nani atalisoma."

"Sikufikiri," akakubali. "Nitalibandua."

"Usilibandue! Andika chini yake: asiyeelewa amuulize mwenyewe. Herufi kubwa, Ambindwile aone."

Zuber akacheka, akachukua chaki ayajaribie maneno ubaoni. "Na posa ya kesho je? Waje?"

"Waje. Ila wewe uvae suruali nyeusi."

Usiku huo Mwanabibi alilala mapema. Mzee Husseni aligombana na mvua juu ya bati, akahesabu mashati mabichi kwa sauti, mpaka naye akakoroma. Kuruthumu akabaki macho, anaisikiliza. Kila usiku alikuwa na tusi la kuitukana. Akalitafuta, akalikosa, akawaza baba wa watu kule Kondoa akitazama juu. Akavuta kanga mpaka masikioni, akalala.