Mara Mbili kwa Spana

Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari, alinisimulia haya kwa sauti kavu, kana kwamba ananisomea orodha ya vipuri.

Mwezi mmoja baada ya kumzika kaka yake, alibadilisha tangi la mafuta la pikapu yao kuukuu. Miaka yote walikuwa wawili: kaka, tuliyemwita Panya kwa utani, shimoni chini ya gari, na rafiki yangu kwenye usukani. Panya akimaliza, hugonga chesisi, fremu ya chini ya gari, mara mbili kwa spana: washa!

Sasa alikuwa peke yake. Msibani hakutoa hata chozi, na mchana ule pia hakuhisi kitu. Alipandisha tangi jipya, akaunganisha mipira ya mafuta, lakini boliti ya mwisho ikamgomea. Akaitupa spana kwenye sakafu ya shimo, akapanda garini kupumzika.

Kwenye giza la shimo, chuma kikagongwa. Ko. Ko.

“Haya, kaka,” akajibu kwa mazoea, akawasha.

Alipozima injini, ndipo alipokumbuka kaka yuko wapi. Akashuka na tochi. Shimoni hapakuwa na mtu. Boliti ilikuwa imekazwa barabara. Spana ilining'inia ukutani, kwenye msumari ambao Panya alizoea kuitundika.

Akaishika. Ilikuwa na joto la kiganja.