Ukuta wa Silinda ya Tatu

Leovigildo Peña, ambaye wote walimwita Leo, alikuwa dereva wa teksi mjini Holguín. Gari lake lilitengenezwa mwaka 1951. Babu yake aliliendesha, kisha baba yake, na sasa ilikuwa zamu yake. Lakini injini ilichoka. Ilikula oili na kutoa moshi wa buluu, hata abiria wakawa wanaziba pua.

Leo akaishusha injini, akaifungua. Ikabaki bloku tupu, lile pande zito la chuma lenye matundu sita ambamo pistoni hupanda na kushuka. Matundu hayo ndiyo silinda. Yote yalikuwa yamelika.

Tangu siku hiyo, mama mkwe wake, Eduviges, alikwenda hospitali kwa gari la farasi. Figo zake zilishindwa kazi, kwa hiyo alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kila aliporudi alitapika njiani. Midiala, mke wa Leo, alimshika kichwa mpaka nyumbani.

"Mpaka lini, Leo?" Midiala aliuliza. Hakugomba. Hakuwa na nguvu ya kugomba.

"Wiki hii. Pistoni kubwa nimeshapata. Zoraida akizipanua silinda, basi."

Zoraida alikuwa jirani yao. Alichonga vyuma miaka thelathini katika kiwanda cha sukari, na sasa alifanyia kazi nyumbani. Leo akampelekea bloku kwa mkokoteni.

"Dada Zoraida, nichongee leo leo."

"Ukuta umepima?"

"Nimepima upana wa matundu."

"Sikuulizi tundu, nakuuliza ukuta. Ukipanua tundu, ukuta unapungua. Nyuma yake yanapita maji. Ukitoboka, maji yanaingia kwenye silinda, na bloku umeiua."

"Mbona unaonekana mnene?"

"Kumbe macho yako yanapenya chuma! Ungeniambia mapema, nisingenunua vipimo."

Leo hakucheka. Alikaa juu ya ndoo. "Dada, nimechoka. Mama anaumia kila safari. Chonga tu. Likiharibika ni langu."

"Na injini ikipasuka mama akiwa garini? Hebu shika brashi."

Walikwangua kutu kwenye njia za maji. Mikono ya Leo ikauma. Kisha Zoraida akatoa kipimo kidogo chenye waya. Kwanza akakijaribu kwenye kipande cha chuma cha aina ileile, ambacho unene wake aliujua. Kikasoma sawasawa. Akapaka grisi kidogo ndani ya silinda, akagusisha ncha ya kipimo.

"Kinatuma sauti usiyoisikia," alisema. "Inakwenda mpaka upande wa pili wa chuma, inarudi. Hivyo tunajua unene."

Alipima kila silinda juu, katikati na chini, pande zote nne.

"Kwa nini kote huko?" Leo aliuliza.

"Kwa sababu bloku za zamani zilimiminwa kwenye kalibu, na kalibu ilisogea. Upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Halafu kutu imekula kwa nyuma miaka sabini."

Kwenye silinda ya tatu alipima mara moja. Akapima tena.

"Milimita tatu tu. Pistoni zako zinataka tundu lipanuke milimita moja na nusu. Kila upande unapoteza nusu ya hiyo. Tutabaki na milimita mbili na robo. Mimi sishuki chini ya tatu na nusu."

Leo akafunika uso kwa mikono. "Kwa hiyo limekufa?"

"Halijafa. Hii ya tatu tutaivisha laina, bomba jipya la chuma, nene. Zile tano zina milimita nne hata pale palipo pembamba kabisa. Zinavumilia kupanuliwa milimita moja, si zaidi. Kabadilishe pistoni, tafuta ndogo."

Ilimchukua Leo siku kumi na sita kuzipata. Siku hizo zote Eduviges alipanda gari la farasi. Midiala alikonda. Kila jioni walikula wali na maharage tu.

Zoraida alivisha laina, akachonga, akajaza maji kwenye bloku na kuyasukuma kwa nguvu. Hakuna tone lililovuja.

Wiki iliyofuata Eduviges alitoka hospitali akiegemea mkono wa binti yake. Injini iliwaka mara moja, bila moshi. Kabla hawajafika barabara kuu, mama alikuwa amelala kiti cha nyuma. Hakutapika. Midiala naye alilala, kichwa kwenye bega la mama yake.

Leo alipunguza mwendo kwenye kila shimo, asiwaamshe.