Hisa za Kuazima za Foromani Tak

Foromani Tak Yeong-bae alikutwa kifudifudi chini ya ubao wake mwenyewe, damu imemganda kisogoni, miwani imeangukia hatua mbili mbele. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Ubaoni paliandikwa namba moja tu kwa wino mwekundu: 141.

Aliyemwona kwanza ni Mama Yeom, mwenye mgahawa wa supu ya samaki chini ya chumba alimokutwa, katika soko la Jukdo mjini Pohang. Alikuwa amempandishia chai ya shayiri. Aliposhuka, ukelele wake uliwafanya wachuuzi wa pweza waache mizani zao.

Inspekta Pyo Deok-su alipiga magoti kando ya maiti.

"Kapigwa na nini?"

"Na hii, afande." Sajini Guk, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alionyesha ngao ya chuma. Kiwanda kilimpa marehemu alipostaafu, kumshukuru kwa miaka thelathini na miwili ya kuyeyusha chuma. "Imefutwa. Hakuna alama ya kidole hata moja."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni, kati ya saa moja na saa mbili," alidakia daktari wa polisi. "Pigo moja tu. Kama ni la hasira au la woga, maiti haisemi."

Mlango haukuvunjwa. Pochi ilikuwa mfukoni, saa mkononi. Mwizi hakupita hapa. Pyo akashuka mgahawani na kumwita Mama Yeom mezani.

"Nasikia wiki iliyopita ulimwambia marehemu utamchemsha pamoja na vichwa vya samaki."

"Nilisema. Na ningemchemsha kweli, kama nyama yake ingelika!" Kisha akafunika uso kwa aproni. "Lakini jamani, si kumuua. Foromani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjinga kama sisi, tofauti yake alikuwa na ubao."

"Nieleze huo ubao."

Mama Yeom akapangusa macho. Walikuwa sisimizi kumi, akasema, maana ndivyo wanunuzi wadogo wa hisa wanavyojiita nchini Korea. Tak mwenyewe, wanane waliofanya kazi kiwandani chini yake, na wa kumi ni yeye. Miezi minne iliyopita Tak aliwaonyesha kapu: hisa moja unayonunua, ndani yake mna vipande vya kampuni ndogo mia moja na zaidi.

"Akatuambia kuna matajiri wa Seoul wanaoazima hisa za kapu hilo na kuziuza, wakiomba bei ianguke. Ikianguka, wanazinunua rahisi, wanarudisha, chenji inabaki mfukoni mwao. Lakini ikipanda, watatafuta pa kukimbilia. Lazima wanunue ili warudishe. Wakigombania kununua wote kwa pamoja, bei inaruka hadi mbinguni, na sisi tuko huko juu tunawasubiri."

"Na hiyo 141?"

"Kila hisa mia zilizopo, mia na arobaini na moja zimeazimwa na kuuzwa. Zaidi ya zilizopo, afande! Foromani alipiga meza. Wameingia wenyewe mtegoni, alisema, sisi tushikilie tu, asiuze mtu."

"Mkashikilia."

"Mpaka nusu ya akiba yangu ikayeyuka. Bei ilishuka kila wiki, na ile namba ilipanda kila wiki. Na kila ilipopanda, tulishangilia. Unaona wazimu huo? Tulishangilia."

Pyo aliuona. Alimwonea huruma mama huyu, akawaonea huruma wote kumi, na hilo lilimkera, kwa sababu mmoja wao huenda ameua.

Juu, Sajini Guk alikuwa ameifungua kompyuta ya marehemu.

"Afande, alichapisha karatasi jana saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nakala tisa. Humu chumbani hakuna hata moja."

Maandishi yalikuwa mafupi. *Nilikosea. Namba ile haina maana niliyowaambia. Uzeni kesho asubuhi, mwokoe kilichobaki. Nipigeni mkitaka. Tak.*

Pyo aliyasoma mara mbili. Mtu aliyepoteza akiba, akipewa karatasi kama hiyo, angemtupia mwandishi usoni, angempeleka nayo mahakamani. Kwa nini azibebe na kutokomea nazo, zote tisa?

"Anayeficha barua hataki isomwe," alisema. "Lakini nani anaumia wengine wakiisoma?"

Pyo alizijua hisa kama kuku anavyojua kuogelea. Akampigia Bi Gwak, aliyefanya kazi ya udalali wa hisa miaka kumi na mitano, akamwomba aeleze kama anavyomweleza mtoto.

"Alikosea wapi huyu mzee?"

"Pale wanapokosea wengi," alisema Bi Gwak kwenye simu. "Hisa ya kampuni moja ina idadi yake. Zikiazimwa nyingi mno, waliouza wanaweza kubanwa kweli. Kapu si hivyo. Wanunuzi wakizidi, dalali mkubwa anapeleka hisa za zile kampuni ndogo, anapewa hisa mpya za kapu, kesho yake ziko sokoni. Hazikauki."

"Lakini mia na arobaini na moja kwa mia?"

"Hisa iliyoazimwa ikauzwa, aliyeinunua anaweza kuiazimisha tena. Inahesabiwa mara mbili. Na wengi wa hao walioazima si maadui wa mtu. Mmoja anaipenda kampuni fulani ndogo, anainunua. Lakini anaogopa soko zima lisianguke nayo, kwa hiyo anauza kapu la kuazima. Akipoteza huku, anapata kule. Ni mwavuli tu, Inspekta. Mzee wako aliona watu wengi wana miavuli, akadhani wanakuja kumpiga nayo."

"Hawa kumi wakiuza siku moja, bei inashuka?"

Bi Gwak alicheka, kisha akajizuia. "Kapu hilo linauzwa mamilioni kwa siku. Wauze wasiuze, hakuna atakayejua."

Pyo akakata simu. Kwa hiyo hakuna aliyedhurika na karatasi ile. Anayetafutwa ni mtu aliyedhani angedhurika. Tena alidhani hivyo kwa moyo wote, mpaka akaua.

Wanachama waliitwa kituoni. Walifika wanane, nyuso zimewashuka, na Pyo akamuuliza kila mmoja swali moja: wenzako wote wakiuza leo, wewe unapoteza nini?

"Sijui, afande," walijibu wengi. Mama Yeom akasema, "Mimi nauza supu. Wateja tisa wakihama, soko la Jukdo halifungwi."

Wa tisa hakufika. Bong Chil-gu, aliyekuwa dereva wa winchi, alipiga simu kusema tumbo linamsokota.

"Wasomee karatasi ya Foromani saa nane kamili," Pyo alimwambia Sajini Guk. "Si kabla. Nataka niwe nimefika kwa Bong kwanza."

"Ni ushahidi huo, afande. Taratibu haziruhusu."

"Najua. Aliyeiandika alikufa kwa ajili yake. Wasomee."

Bong alikaa ghorofa ya nne, katika nyumba iliyojaa maboksi. Mlango ulifunguliwa na binti yake, Se-rim, muuguzi mwenye macho ya usingizi na furaha. Alimkaribisha mgeni kwa peasi zilizomenywa, akaomba radhi kwa fujo.

"Jumamosi nahamia Daegu, mjomba. Nyumba yangu mwenyewe! Miaka minane ya zamu za usiku, nikimpa baba pesa aniwekee kila mwezi, nikiogopa nitazila." Akacheka, akachukua koti. "Baba, nakimbia kununua kamba."

Mlango ulipofungwa, Bong alibaki anaitazama sahani ya peasi. Alikuwa mtu mkubwa.

"Ulinunulia hisa hiyo pesa ya nyumba?" aliuliza Pyo.

"Won milioni tisini."

"Imebaki ngapi?"

"Arobaini na kitu. Lakini itarudi, afande. Namba imepanda tena wiki hii. Wamebanwa. Siku tatu, nne tu. Mradi watu wasilegee, wasiuze. Mtu anayewaambia wauze sasa hivi, baada ya kuvumilia yote haya, huyo ndiye..."

"Ndiye nani?" Sauti ya Pyo ilikuwa ya upole. "Nani aliwaambia wauze, mzee Bong? Wenzako hawakuwa wameambiwa. Walikaa kwangu asubuhi nzima, na hakuna aliyejua."

Bong akaisukuma sahani kando.

"Karatasi ziko wapi?"

Bong akainuka, akaliendea boksi la jiko jipya la wali, akatoa karatasi tisa zilizokunjwa. Juu ya kila moja Tak alikuwa ameandika jina kwa mkono.

"Nilishindwa kuzichoma," alisema. "Yangu ilikuwa juu kabisa. *Mdogo wangu Chil-gu.*"

"Kwa nini, mzee?"

"Nilimpigia magoti! Mimi, magoti! Nikamwambia, Kaka, subiri Jumamosi ipite. Watu tisa wakiuza, bei inaporomoka, matajiri wanatoka mtegoni, na mtoto wangu analala wapi? Akasema, Chil-gu, hakuna mtego. Hakujawahi kuwa na mtego. Alilia akisema hivyo. Akanigeuzia mgongo kufuta ubao." Bong alijipiga kifuani kwa ngumi. "Ningemwachaje aufute, afande? Ile namba ndiyo nyumba ya mwanangu. Nilitaka anyamaze siku nne. Siku nne tu, kisha ningemwomba radhi."

Simu ya Pyo ilitetemeka mezani. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano. Aliusoma ujumbe wa Sajini Guk, na kwa kweli alitamani asingeusoma. Lakini mtu huyu alikuwa na haki ya kujua.

"Wenzako wameuza," alisema. "Wote wanane, kwa pamoja, mbele ya sajini wangu. Dakika ishirini zilizopita."

Bong alifumba macho. "Imeanguka kiasi gani?"

"Imepanda."

"Nini?"

"Imepanda kidogo. Hakuna aliyetambua kwamba wameuza, mzee. Hata karatasi zile Foromani angezigawa, isingekugharimu hata won moja."

Bong alitoa sauti ambayo Pyo hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Akateleza kutoka kitini, akakaa sakafuni kati ya maboksi, akinong'ona jina la marehemu, Kaka, Kaka. Pyo alimfunga pingu akiwa hapo hapo chini.

Nyayo za haraka zilisikika zikipanda ngazi.

"Mwambie wewe," Bong alisihi. "Kuhusu Kaka. Kuhusu pesa. Mwambie wewe, nakuomba."

"Hapana, mzee. Hilo ni lako."

Mlango ukafunguliwa, Se-rim akaingia akihema, bunda la kamba begani.

"Baba, hii itatosha?"