Chubwi za Mjomba Godhana

Chwaaa!

Sauti hiyo ilimfikia Teresia kabla hajafumbua macho. Chwaaa! Kisha kimya. Kisha tena, chwaaa! kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Hakuhitaji kuuliza. Mjomba Godhana alikuwa nyuma ya nyumba, akitumbukiza chubwi za moto ndani ya ndoo ya maji.

"Tere! Unangoja jua likuletee chai?"

"Nimeamka, Mjomba."

Teresia alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa mpishi Malindi, na aliweza kurudi kijijini mara mbili tu kwa mwaka. Nyumba ilibaki na watu wawili, na Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. Zilikuwapo siku ambazo Teresia aliongea na kuku tu mpaka jioni.

Lakini kwa chubwi, Mjomba hakuwa na mpinzani. Chubwi ni vipande vizito vya metali ya risasi vinavyofungwa kwenye nyavu ili zizame, na wavuvi walizifuata kwake kutoka hata Ozi. Alinunua betri kuukuu za magari huko Garsen, akazivunja, akatoa vibao vya risasi vilivyomo ndani na kuviyeyusha kwenye sufuria nyeusi. Kazi ya Teresia kila Jumamosi ilikuwa kubeba vibao hivyo kwa karai hadi Ziwa Kale na kuviosha tope lake la kijivu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka miwili.

Zamani Ziwa Kale lilikuwa mkono wa Mto Tana. Mto ulipohama njia, uliuacha mkono huo umelala kando ya mashamba, umejaa kambare na ngege. Kwa desturi ya kijiji, ziwa hufungwa miezi minne ili samaki wanenepe. Mzee Hiribae, mlinzi wa ziwa, hakuruhusu ndoana wala wavu. Kuosha vyombo hakukatazwa, maana kuosha si kuvua. Siku ya kufungua ilikuwa imebakiza juma moja, na kina mama walikuwa wamekwisha kutengeneza matenga mapya.

Jumatatu, Mwalimu Rachael aliandika ubaoni neno moja: RISASI.

"Metali hii haiozi," alisema. "Ikiingia ziwani hukaa kwenye tope. Kambare anakula wapi?"

"Kwenye tope!" darasa likajibu.

"Basi humwingia mwilini. Nawe ukimla mara kwa mara, inakuingia wewe. Hudhuru damu na ubongo, na watoto ndio huumia zaidi."

Teresia aliinua mkono. "Mwalimu, na akipikwa sana?"

"Hata umchemshe mpaka mifupa ilainike, umkaushe kwa moshi, umkaange. Risasi haitoki. Tena haina harufu, haina rangi. Utaila huku ukisifu mchuzi."

Jioni Teresia alimweleza Mjomba. Mjomba alicheka, kisha akakunja uso na kushika tumbo. Tumbo hilo lilikuwa likimsokota tangu mwezi uliopita.

"Umewaona kambare wa Ziwa Kale wanavyoruka? Sumu gani hiyo isiyoua samaki?"

"Mwalimu amesema samaki anaweza kuwa mzima na bado—"

"Mwalimu hajayeyusha hata kijiko. Nyamaza, mwanangu. Watu wamengoja miezi minne."

Teresia alinyamaza. Alinyamaza Jumanne, akanyamaza Jumatano. Kila alipopita njiani alimkuta mtoto fulani akiimba habari ya kambare.

Jumamosi kijiji kizima kilijipanga ukingoni. Mzee Hiribae aliinua mkono ili atoe ruhusa. Hapo Teresia akatoka kwenye mstari, akasimama ndani ya maji mpaka magotini.

"Msivue!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini maji huibeba sauti. "Nimeosha vibao vya betri humu. Miaka miwili. Mwalimu anasema risasi huingia kwenye samaki. Ni mimi niliyeosha."

"Nani alikutuma?" akauliza Mzee Hiribae.

Teresia alimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa nyuma ya watu, tenga mkononi, akitazama vidole vya miguu yake. Teresia alimngoja. Alimngoja kwa muda ambao ndege angeweza kuvuka ziwa na kurudi. Mjomba hakuinua uso.

"Ni mimi niliyeosha," Teresia akarudia.

Watu wakafoka. Mama mmoja alitupa tenga lake chini. "Mtoto wa shule ndiye wa kutufungia ziwa la babu zetu?" Lakini Mwalimu Rachael alijipenyeza mbele na kuomba jambo moja: samaki wachache wapelekwe wakapimwe. Mzee Hiribae aliguna, akateremsha mkono. Ziwa likabaki limefungwa.

Majibu yalichukua wiki tano, na wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko kiangazi. Kisimani, wasichana waliteka maji na kuondoka kabla Teresia hajajaza ndoo. Darasani, Buya, mvulana wa dawati la mbele, alikuwa na mzaha mpya kila siku.

"Msimguse, ana chaji!"

"Teresia, simu ya baba imezima. Shika waya!"

Darasa lilivunjika mbavu. Hata Dahabo, rafiki yake, alihamisha vitabu vyake. "Si mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua kwetu hatuli samaki. Lakini ndama wetu walikuwa wanakunywa ziwani. Sasa Baba anawapeleka mbali mtoni, na amesema nisikae nawe."

"Mwambie pole," Teresia akajibu. Alikula chakula cha mchana peke yake nyuma ya tangi la maji, akihesabu sisimizi.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mjomba hakumgombeza. Alipika ugali, akafunika sahani ya Teresia, akatoka. Sufuria nyeusi ilikaa bila moto. Walipitana mlangoni kama wageni waliofikia nyumba moja.

Siku ya majibu, watu walikusanyika uwanjani pa shule. Afisa wa afya, kijana aitwaye Abdullahi, hakuzungusha maneno. Kambare wa Ziwa Kale walikuwa na risasi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Samaki waliopimwa kutoka mtoni walikuwa salama. Ziwa lisivuliwe wala mifugo isinyweshwe humo mpaka tope lishughulikiwe na maji yapimwe tena. Watoto wote wangepimwa damu.

"Na anayeyeyusha betri hizo," aliongeza, "apimwe leo hii. Moshi wake ni sumu vilevile. Huanza kwa tumbo kusokota."

Mama aliyetupa tenga lake alimvuta mwanawe mdogo kifuani. Buya akasahau mizaha yake.

Mjomba Godhana akapita katikati ya watu. Alitembea kama mtu aliyebeba gunia.

"Ni mimi," alisema. "Betri ni zangu, moto ni wangu. Mtoto nilimtuma mimi. Siku ile aliposimama majini niliogopa macho yenu, nikamwachia aibu yangu aibebe peke yake. Wiki tano ameibeba. Mimi, mwanamume mzima, nikawa namfunikia ugali."

Hakuna aliyecheka. Dahabo alitoka alipokuwa ameketi, akaja kukaa kando ya Teresia, bega kwa bega.

Mwalimu Rachael alisimama. "Sikilizeni, wanangu, na ninyi wazazi pia. Risasi haionekani, lakini imepimwa na tumeijua. Kilichotaka kutuua zaidi ni kunyamaza. Tuliomwona mtoto anasema kweli tukampa mgongo, tulikuwa tunailinda sumu. Kosa si mwisho wa mtu. Mwenye kulikiri mapema huokoa wengi, na anayekiri hapaswi kuachwa asimame peke yake."

Mzee Hiribae alikohoa. "Mimi nililinda ziwa dhidi ya nyavu," alisema, "nikasahau karai. Nami nina sehemu yangu." Akamtazama Teresia, akainamisha kichwa.

Mjomba alichuchumaa mbele ya Teresia mpaka macho yao yakalingana. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ile. Teresia alijaribu kujizuia, akashindwa, na machozi ya wiki tano yakamtoka kwa pamoja.

"Tere, mwanangu," Mjomba alisema kwa sauti ya kusikika na uwanja mzima, "sitayeyusha betri tena maishani mwangu. Leo nakwenda kupimwa, nawe utapimwa, na nitakushika mkono. Na siku nyingine ukisimama kusema kweli, hata kama kweli hiyo inanihusu mimi, nitakuja kusimama karibu nawe majini. Nakuahidi mbele ya hawa wote."