Kizuizi Kilichofungwa kwa Kipande cha Kanga

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Khairat alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwamsha mdogo wake Muhanad, mtoto wa miaka mitano ambaye hata ukimbeba kutoka chumbani mpaka uani, hana habari. Ya pili ilikuwa kuvikunja vyandarua vya kitanda chao. Jioni huvishusha tena na kuvichomekea vizuri, maana mtaani kwao Mabawa, mbu hawana likizo.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu vya kulala, na kile cha watoto kilikuwa kidogo. Ukiweka vitanda viwili humo, mlango haufunguki. Ndiyo maana baba yao, Bwana Massoud, alikwenda kwa fundi Miraji, seremala wa mtaa wa pili, akaagiza kitanda cha ghorofa. Khairat, binti wa miaka kumi na miwili, angelala juu, na Muhanad angelala chini. Siku ya kwenda kuagiza walikwenda wote watatu.

"Shikamoo, fundi," Khairat alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye ghorofa?"

Khairat akacheka. Muhanad akadakia, "Na mimi nataka juu!"

Sasa Bwana Massoud alikuwa mtu wa mapambo. Alitaka ule ubao wa ubavuni, wa kumzuia mtu asianguke, uwe mfupi na wenye maua ya kuchonga. Fundi Miraji akatikisa kichwa.

"Bwana Massoud, maua nitakuchongea mlangoni. Hiki ni kizuizi. Lazima kiinuke shibiri nzima juu ya godoro, na godoro lenyewe liwe jembamba. Ukiweka nene, mtoto analala juu ya kizuizi badala ya nyuma yake. Ngazi nayo naifunga kwa bolti, isitembee." Akamtazama Muhanad. "Na wewe, bwana mdogo, juu huendi mpaka uanze shule."

Muhanad akanuna, mdomo ukamtoka mbele.

"Jambo la mwisho," fundi akaendelea. "Mbao ikikauka, nati hulegea. Kila Ijumaa mtu apitishe spana, akaze."

Baba akampa Khairat spana palepale. "Kazi yako hii, mama."

"Nimeelewa, baba," Khairat akasema, kifua mbele. Angeambiwa alinde benki asingejivuna zaidi.

Kitanda kilipofika, kilikuwa imara kama nyumba. Lakini kulikuwa na kero moja. Mwalimu Brightness, aliyewafundisha masomo ya afya, alikuwa amewasisitizia kwamba chandarua lazima kichomekwe chini ya godoro pande zote, bila kuacha upenyo. Khairat alikuwa mwanafunzi wa kutii. Kila jioni alijaribu kuchomekea chandarua cha juu, na kila jioni kizuizi kilimbania, kwa kuwa kilibana ubavu wa godoro bila nafasi ya kupitisha mkono. Vidole vilichubuka. Jioni moja akaona basi, amechoka. Akachukua spana, akafungua bolti, akakitoa kizuizi. Chandarua kikachomekeka vizuri ajabu!

Kukirudisha ndiko kulikokuwa na shughuli. Ubao ulikuwa mzito, na matundu yake hayakukubali kulingana na yale ya nguzo. Akiinua upande huu, upande ule unashuka. Katika kuhangaika huko nati moja ikamponyoka, ikabiringika chini ya kabati kubwa la nguo, na kabati lile halisogezwi na mtoto. Mara adhana ya magharibi ikasikika na mama akaita. Khairat akachukua kanga kuukuu ya kufutia vumbi, akachana vipande viwili, akakifunga kizuizi kwenye nguzo kwa mafundo, kichwani na miguuni. Chandarua kikaficha yote.

"Kesho nitafunga vizuri," akajiambia.

Mnaijua kesho ya namna hiyo. Kesho ikawa kesho kutwa, na Ijumaa ikafika. Baba alipotoka msikitini akamuuliza, "Khairat, nati umezikagua?"

"Nimekagua, baba."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Baba akamsifu mbele ya mama, na sifa ile ikamlemea Khairat. Sasa angesemaje? Angesema ukweli, angeonekana mwongo, na kitanda pengine kingerudishwa kwa fundi. Akauacha uongo ukae. Tangu siku ile akawa analala amejibana ukutani, mgongo umegusa tofali, bila kugeuka. Akisikia ubao ukilia kidogo tu, anajibana zaidi. Alijifariji kwamba hatari ni yake peke yake.

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, Khairat alikuwa kwenye chuo cha Kurani, amekaa mkekani na wenzake, wakisoma kwa zamu mbele ya ustadhi Suleimani. Jirani yake Lina akaingia amechelewa. Alikaa karibu na Khairat, akamnong'oneza.

"Shangazi yako Salme ameingia kutoka Pemba na kichanga chake. Nimepita kwenu sasa hivi. Kichanga kimelazwa kitanda cha chini, na Muhanad ametamba mtaa mzima kwamba leo mama yenu amemruhusu alale juu!"

Khairat akamgeukia.

"Amelala juu? Sasa hivi?"

"Ndiyo. Mama yako kasema mchana tu, na kizuizi kipo."

Kizuizi kipo! Khairat aliona vile vipande viwili vya kanga kuukuu. Aliona sakafu ya saruji. Muhanad hajui kulala ametulia, huzunguka kitandani kama mshale wa saa. Herufi za msahafuni zikaanza kumcheza machoni. Akasimama, ingawa si zamu yake, na wanafunzi wote wakamgeukia.

"Ustadhi, naomba ruhusa niende nyumbani."

"Kuna nini?"

Uongo ulikuja haraka ulimini: tumbo, kichwa, kizunguzungu. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. "Mdogo wangu ataanguka, ustadhi. Nimefanya kosa, na hakuna anayejua ila mimi."

Ustadhi Suleimani alimtazama uso, hakuuliza la pili. "Nenda. Kimbia!"

Alikimbia peku, viatu akaviacha mlangoni mwa chuo. Mchanga ulimuunguza nyayo, ushungi ukamporomokea mabegani. Kwenye kona nusura agongwe na baiskeli iliyobeba tenga la machungwa.

"We mtoto, huna macho?" mwenye baiskeli alifoka.

Khairat akazidi kukimbia. Alikuwa anaomba moyoni, maneno yenyewe hayana mpangilio: Ya Rabi, asianguke, asianguke, nitasema kila kitu, asianguke tu.

Uani aliwakuta mama na shangazi Salme wakikuna nazi na kucheka. Hakuamkia, hakusimama. Shangazi akashangaa, "Heee! Huyu vipi?" Khairat alikwishaingia ndani.

Mlangoni mwa chumba akaganda.

Muhanad hakuwa amelala. Alikuwa amepiga magoti juu kule, chandarua amekisukuma kando, ameegemeza viwiko vyote viwili kwenye kizuizi, akimchungulia mtoto mchanga aliyelala kitanda cha chini. Alikuwa akimwimbia. Kila akiyumba na wimbo wake, ubao unayumba naye. Fundo la upande wa kichwani lilikuwa limeteleza mpaka ncha ya ubao.

Khairat alifungua kinywa kupiga kelele, akakiziba kwa kiganja. Akimwita, mtoto ataruka kwa furaha. Kichanga kikiamka na kulia, atainama zaidi kukitazama. Hatua zilizokuwa kati yao zilikuwa nne, na asingewahi kumdaka. Hajawahi kuogopa hivi katika maisha yake.

"Muhanad," akasema polepole, sauti ameilazimisha icheke. "Tucheze kombolela?"

"Dada! Umerudi? Ona, niko ghorofani!"

"Nimekuona. Sasa nafumba macho, nahesabu mpaka kumi. Kajifiche kule ukutani, ujifunike shuka. Nisione hata kidole."

"Hata kidole?"

"Hata kucha. Moja..."

Muhanad akacheka, akajisukuma kwa mikono kutoka kwenye kizuizi ili ainuke. Ubao ukalia. Upande wa kichwani ukachomoka, ukaning'inia. Khairat hakuwa amefumba macho hata kidogo.

"Mbili... tatu... bado nakuona mguu... nne..."

Mtoto akabiringika mpaka ukutani, akajivika shuka gubigubi. Khairat alikuwa amefika "saba" fundo la pili lilipofunguka. Kizuizi kikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Kichanga kikaamka na kuanza kulia. Khairat alikuwa keshapanda ngazi, amemkumbatia Muhanad na shuka lake lote, anamkandamiza ukutani.

"Dada, hujamaliza kuhesabu," Muhanad akalalamika chini ya shuka.

"Nane, tisa, kumi," Khairat akasema, na hapo ndipo machozi yakammwagika.

Mama na shangazi Salme waliingia mbio, mikono yote machicha ya nazi. Shangazi akamnyakua mwanawe. Mama akautazama ubao sakafuni, akainama, akaokota kipande cha kanga kilichobaki na fundo lake.

"Hii si kanga yangu ya vumbi? Nani kaifunga hapa?"

Khairat angeweza kusema Muhanad alikuwa akirukaruka. Shangazi angeamini, mama naye angeamini. Akashuka na mdogo wake mkononi, akamweka chini, akasema yote: chandarua, spana, nati iliyoingia chini ya kabati, na ile Ijumaa aliyomjibu baba.

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alikaa sakafuni palepale, akamvuta Muhanad mapajani, akawa anampapasa kichwa, mabega na miguu, kana kwamba anamhesabu viungo.

Baada ya swala ya alasiri baba akaja na fundi Miraji. Uso wa baba ulikuwa umebadilika.

"Nilikuuliza Ijumaa, Khairat. Ukaniambia nini?"

"Nilisema nimekagua. Nilikudanganya, baba. Nisamehe."

Baba akaligeukia kabati. Akashika upande mmoja wa kabati, fundi akashika wa pili, wakalisogeza. Nati ile ilikuwa hapo, imezungukwa na vumbi.

Fundi akaiokota, akaifuta kwa shati lake. "Na mimi nina langu," akasema. "Niliuliza godoro, nikauliza umri, sikuuliza chandarua kitachomekwa wapi. Mji wa mbu huu! Nilipaswa kuuliza." Akatoboa matundu mapya kwenye nguzo, akakipandisha kizuizi kidogo. "Hapa napaacha upenyo wa kupita kiganja, basi. Mkono unaingia, kichwa cha mtoto hakiingii. Na juu bado shibiri imetimia." Kisha akamwita Khairat ashike ubao ulingane, naye akakaza bolti zote, moja baada ya nyingine.

Alipomaliza, akakaa kwenye ngazi, akaishika ile nati kuukuu mbele ya macho ya Khairat.

"Hizi ninazo kopo zima, mwanangu. Ungekuja ukaniambia, 'Fundi, nimeharibu,' ningekupa nyingine na kukufungia kizuizi, tena kwa dakika tano. Kukosea si ajabu, hata mimi nimekosea leo hii mbele yako. Kosa lako kubwa si spana. Ulipomwambia baba yako umekagua, hakuna mtu mwingine aliyekagua tena, kwa sababu tulikuamini. Mama yako leo hakumwegemeza mtoto kwenye ubao. Alimwegemeza kwenye neno lako, na neno lako lilikuwa limefungwa kwa kitambaa."

Khairat akainamisha kichwa. "Nimesikia, fundi."

"Basi shika spana yako. Sikunyang'anyi."

Baba akamtazama fundi, akamtazama binti yake, akaitikia kwa kichwa. Muhanad alirudi kitanda cha chini, akanuna kama kawaida yake.

Ijumaa iliyofuata, baba aliporudi msikitini, alivua kofia yake akauliza swali lilelile.

"Khairat, nati umezikagua?"

Khairat alikuwa amekwisha kuzikagua mara tatu. Lakini hakusema nimekagua. Alimshika baba yake mkono, akampeleka mpaka chumbani, akauweka ule mkono juu ya kizuizi.

"Vuta mwenyewe, baba," akasema.

Baba akavuta kwa nguvu zake zote. Kizuizi hakikutikisika.