Mkono wa Kifunguamimba

“Mngumi, hivi baba yako Bwana Kae ana mtoto mmoja tu?”

Aliyeuliza alikuwa Mwana Kamaa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa mizaha, akichambua mchele barazani kwake. Hakuwa na nia mbaya. Siku hiyo Mngumi alikuwa amerudi kutoka bara na msafara wa pembe, joho jeusi mabegani, jambia la fedha kiunoni, na hakuna mtoto wa mtaa aliyemkimbilia. Wote walikuwa wamejazana mlangoni kwa mdogo wake, Lali, kuonja zabibu.

Mngumi alicheka kidogo, akapita. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa mchongoma.

Zama hizo Wareno walikuwa wamekwisha kujenga ngome kusini, na mji wa Mwarani ungali na mfalme wake na ukuta wake wa mawe. Ukoo wa Bwana Kae ulisifika kwa kiunga cha mizabibu. Ilikuwapo ya Shirazi, yenye tunda dogo jeusi, na ya Yemeni, tamu ya kukausha. Ilikuwapo pia ya Italia, ambayo vijiti vyake babu yao alipewa na nahodha Mtaliani aliyeuguzwa nyumbani kwao. Huo wa Italia ulikuwa na kiburi. Miaka nenda miaka rudi ulitoa majani matupu, mpaka Lali alipothubutu kuunyima maji na kuupukutisha majani yote, ukabaki uchi kama fimbo. Watu walimcheka. Mvua iliponyesha, ukazaa vishada vya kubebwa kwa mikono miwili.

Tangu hapo mfalme alimwita Lali kwa jina. Mngumi, mwenye makovu ya kuulinda mji huohuo, alikuwa akiitwa “kaka yake Lali.” Kila alipokaa kula na baba yao, mazungumzo yalikuwa mizabibu. Alianza kula kwake. Hasidi hana sababu, wamesema wazee, ila huyu aliona anayo.

Basi sikiliza desturi ya nyumba ile. Walikuwa watu wa kushika dini, mvinyo hawakuufanya. Walifanya siki, na manahodha waliifuata kutoka mbali. Sasa, maji ya zabibu ukiyaacha yenyewe hulevya kwanza, ndipo yachachuke. Kwa hiyo siku ileile ya kukamua walitia humo siki kongwe, waliyoiita mama, ili yasipitie njia ya haramu. Na aliyeitia ni kifunguamimba wa nyumba, kwa mkono wake, kwa Bismillahi. Hiyo ndiyo heshima pekee iliyombakia Mngumi kiungani.

Mwaka ule alikuja na mtungi wa maji ya ukwaju. Rangi ileile, ukali wa ulimi uleule, lakini nguvu ya kugeuza hakuna. Akasema Bismillahi mbele ya baba yake, akamimina. Mama halisi aliificha chumbani kwake, nyuma ya magunia ya mtama. Lali akafunga mitungi kwa udongo, akamshukuru.

Mwezi ulipoandama, Mngumi alimnong’oneza kadhi kwamba nyumbani kwao kuna harufu asiyoielewa. Kadhi akaja na mashahidi. Mtungi wa kwanza ulipofunguliwa, povu lilipanda, na harufu ya kileo ikajaa ua. Lali alipoulizwa, alisema tu kuwa kaka yake alitia mama, na kaka yake akaapa kwamba alitia. Mitungi yote, hata ile ya siki ya zamani, ikamwagwa njiani. Lali akaondolewa kiungani, na msikitini watu wakawa hawasimami karibu naye. Kiunga akapewa Mngumi. Usiku huo alilala vizuri.

Haukupita muda, watu wa mji wa Kitao wakauzingira Mwarani kwa mikuki, mishale na bunduki walizonunua kwa Wareno. Mngumi aliongoza ulinzi wa lango la kaskazini. Alipigana kama chui, na safari hii jina lake lilitajwa lenyewe. Watu walipanda juu ya ukuta kumshangilia. Adui akarudi nyuma. Lakini katika kurudi huko, mkuki wa kutupa ulimpata pajani Vae, mwana wa pekee wa Mngumi.

Walimlaza sebuleni kwa babu yake. Mganga aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, lakini siku ya pili likavimba na kunuka. Akasema kinachotakiwa ni siki kongwe, nyingine haifai. Mama yake Vae alizunguka nyumba kwa nyumba na bakuli. Siki ya mji mzima ilitoka kwa Bwana Kae, nayo ilikuwa imemwagwa njiani.

Mngumi alikaa kichwani pa mwanawe kutwa, akimpangusa jasho. Alasiri kijana alianza kuzungumza na watu wasiokuwapo. Hapo Mngumi akainuka, akaenda kwake, akarudi na mtungi kifuani.

Alipoufungua, Bwana Kae, mzee aliyekuwa haoni vizuri, aliinua uso. Harufu ile aliijua tangu titi la mama yake.

“Hiyo ni mama,” alisema. “Umeitoa wapi?”

Mngumi alipiga magoti. Aliosha jeraha la mwanawe polepole mpaka likatoa damu safi, akalifunga kwa kitambaa cha kilemba chake. Kadhi alikuwapo, amekuja kumwombea mgonjwa. Lali naye alikuwapo, amesimama karibu na mlango kama mgeni.

“Nilitia maji ya ukwaju,” Mngumi alisema hatimaye. “Nilitaka Lali awatoke rohoni.”

Mzee alilia bila sauti. Kadhi alimwambia Lali kwamba haki ni yake, aseme anataka nini kwa ndugu yake: apigwe, afukuzwe, au alipe.

Lali alimtazama Vae, ambaye sasa alipumua kwa utulivu. Kisha akamwendea Mngumi, akamshika mkono uleule uliotia ukwaju.

“Kaa, kaka. Zabibu za Italia ziko karibu kuiva. Nani atatutilia mama?”

Watu waliokuwamo sebuleni waliguna kwa kuridhika. Mashaallah, alisema mmoja, huyu Lali ni mtu. Mngumi akayasikia maneno hayo. Aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa mdogo wake, na akajua kuwa hata katika kusamehe, Lali amemshinda, na mji utalisimulia hilo pia.

Alijitoa taratibu. Akambusu mwanawe kwenye paji la uso, akauacha upanga wake ukutani, akapita katikati yao, akatoka mjini kwa lango la kaskazini bila neno jingine.